Jinsi ya kulisoma jabali: mwongozo kwa mtembezi wa Afrika

Nilifundisha jiografia sekondari kabla ya kuanza kuongoza wageni kwenye miamba, na swali ni lile lile darasani na porini. Mtu akiliona jiwe la ukubwa wa nyumba limekaa juu ya jingine pale ziwani Mwanza, huuliza: "Nani aliliweka pale juu?" Mwongozo huu ni wa kukuzoesha kuuliza swali tofauti: vilivyokuwa kando yake vimeenda wapi?

Afrika ni bara kongwe. Sehemu zake nyingi hazijakunjwa wala kuvunjwa upya kwa mamia ya mamilioni ya miaka. Zimekaa tu zikiliwa na mvua, jua, upepo na mizizi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya unachokiona kimesimama hakikujengwa, kimesazwa. Volkeno ndizo zinazovunja kanuni hii, nazo baadaye huliwa vilevile. Ukilishika hilo, majina magumu ya vitabuni yatakuja yenyewe.

Vya kubeba

Begi liwe jepesi. Chukua kioo cha kukuzia cha mara kumi, kile kidogo cha kuvaa shingoni; kisu cha kawaida au msumari wa chuma; kichupa cha siki; maji mengine mbali na yale ya kunywa; daftari na penseli. Kalamu ya wino haifai, daftari likilowa maandishi yote yanakwenda.

Nyundo iache nyumbani. Ndani ya hifadhi huruhusiwi kuvunja wala kuokota jiwe, na nje ya hifadhi karibu kila mara utakuta kipande kimekwisha kuvunjika chini ya jabali lenyewe. Kama unataka kujifunza kwa haraka, tafuta mahali ambapo barabara mpya imepita kilimani. Wakandarasi wamekwisha kukupasulia mlima, na hakuna kiingilio.

Anza mbali

Wengi wakishuka kwenye gari hukimbilia jabali na kulipanda. Subiri. Simama mita mia mbili au tatu, kaa chini, uchore. Hata kama mchoro wako ni wa kuchekesha, uchore, kwa sababu mkono hulazimisha jicho kutafuta mistari, na mistari ndiyo habari yenyewe.

Mistari ya kulala, mmoja juu ya mwingine, maana yake ni tabaka. Kitu kilitandazwa: mchanga, matope, majivu ya volkeno, au lava iliyomwagika mara nyingi. Table Mountain kule Cape Town, wenye kimo cha mita 1,085, unaonekana vizuri hivyo. Juu umesawazika, na ukitazama kuta zake unaona tabaka za mchanga uliogeuka jiwe, uliotandazwa mamia ya milioni ya miaka iliyopita. Mistari ya kusimama ni nyufa. Ikiwa nyufa hizo zimekata ukuta kuwa nguzo nguzo zenye pembe tano au sita, basi hiyo ilikuwa lava. Ilipopoa ilinywea, na kunywea ndiko kulikoipasua hivyo. Na ukikuta mabonge ya mviringo bila tabaka lolote, kisia kwamba ni itale, ile ambayo mafundi wengi huiita granaiti.

Kuna mchezo wa kusema jiwe hili ni tembo, lile ni uso wa mzee. Sina ugomvi na mchezo huo, wageni wanaupenda. Ila ukishaliita tembo, macho yanaacha kutafuta nyufa.

Kisha sogea, uguse

Uso wa nje wa mwamba hudanganya. Jua na mvua vimeubadilisha rangi, na ukoga wa kijivu na wa njano umeuvaa. Ile michirizi myeupe inayoshuka kwenye majabali ya Serengeti, ambayo wageni hudhani ni madini, ni mikojo ya pimbi iliyokauka mahali pamoja kizazi baada ya kizazi. Tafuta uso mpya, palipobanduka karibuni, na ulowanishe kidogo kwa maji. Rangi na chembe hujitokeza hapo hapo.

Sasa weka kioo karibu kabisa na jicho, usogeze jiwe hadi lionekane vizuri, si kushika kioo mbali kama mpelelezi wa sinema. Ukiona chembe kubwa zilizoshikana bila nafasi kati yake, zingine za kioo kijivu, zingine nyeupe au waridi zenye nyuso bapa, na vimeta vyeusi vinavyobanduka kwa ncha ya kisu, umeshika itale. Chembe za kioo ni kwatzi. Kisu hakizikwaruzi, kinaacha tu alama ya chuma juu yake. Nyeupe na waridi ni feldispari. Vimeta ni ulanga. Ukubwa wa chembe unakwambia kwamba jiwe hilo lilipoa polepole sana, kilomita kadhaa chini ya ardhi. Hapo tu inabidi ujiulize: kama lilizaliwa kilomita kadhaa chini na leo nimelikalia juani, huo mzigo wote uliokuwa juu yake umekwenda wapi?

Ukiona vimeta na chembe zile zile lakini zimejipanga kwa mistari myeusi na myeupe iliyopindapinda, hiyo ni naisi, mwamba uliopikwa na kubanwa hadi ukabadilika. Milima ya Usambara na Uluguru imejaa naisi. Jiwe jeusi, zito, ambalo chembe zake huzioni hata kwa kioo, pengine lenye vitundu vya mapovu ya gesi, ni basalti. Lile linalokwaruzika kwa kisu bila shida na kutoa povu ukilidondoshea siki ni chokaa. Siki ni dhaifu, hivyo kwaruza kwanza upate unga kidogo, udondoshee hapo, uinamishe sikio. Utasikia mchemko mdogo kabla ya kuuona.

Itale: mahali pa kukaa zaidi

Hapa nitakaa muda, kwa sababu majabali ya itale yamesambaa toka Mwanza hadi Zimbabwe, na ndiyo yanayozua hadithi nyingi kuliko yote. Jiwe la Bismarck lililosimama ndani ya Ziwa Victoria pale Mwanza, Kit Mikayi karibu na Kisumu, vilima vya Matobo kusini mwa Bulawayo, na yale mawe yaliyobebana ya Epworth nje ya Harare yaliyochapwa kwenye noti za Zimbabwe, yote yamepitia njia moja.

Njia yenyewe ni hii. Mwamba ulipopoa chini ya ardhi ulipata nyufa za kusimama na za kulala, zikaukata kuwa vipande vya pembe nne. Maji ya mvua yalipenya kwenye nyufa hizo chini ya udongo, na maji yenye asidi ya mimea huigeuza feldispari kuwa udongo wa mfinyanzi. Pembe ya jiwe hushambuliwa pande tatu, ukingo pande mbili, uso upande mmoja. Kwa hiyo pembe huisha kwanza, na kipande cha mraba kinakuwa bonge. Haya yote hutokea gizani, chini ya ardhi, kabla jiwe halijaonekana na mtu. Kisha ardhi inashuka, udongo laini unachukuliwa na maji, na mabonge yanabaki yamekaliana pale pale yalipokuwa. Hakuna aliyelipandisha la juu. Lilikuwa juu tangu mwanzo. Kilichoondoka ni kilichokuwa kati na kando.

Ukitaka kuthibitisha, tafuta ukingo wa barabara uliokatwa kwenye eneo la itale. Utaona mabonge magumu bado yamezikwa katika udongo mwekundu uliokuwa mwamba. Chagua bonge moja, ufuate ufa ulio juu yake kwa kidole hadi bonge la jirani. Ufa ni ule ule. Sijapata maelezo yanayomshawishi mgeni mbishi kuliko kidole chake mwenyewe ndani ya ufa huo.

Kitu cha pili cha kutazama ni maganda. Itale ikiondolewa mzigo uliokuwa juu yake hutanuka na kupasuka sambamba na uso wake, ganda juu ya ganda, kama kitunguu. Ndiyo maana vilima vya Matobo vina vipara vikubwa vya mviringo, na pembeni mwake kuna mabamba mapana ya mwamba yaliyoteleza. Wapasua kokoto wanalijua hili bila kitabu. Wanawasha moto juu ya jabali, uso unatanuka kuliko ndani, bamba linaachia, kisha wanalipiga nyundo. Ukimkuta mtu wa kazi hiyo, msalimie na umuulize jabali lake "linakubali" upande gani. Atakuonyesha mistari ambayo wewe na kioo chako mmeipita.

Itale ya Mwanza ni sehemu ya kiini cha kale cha Tanzania, chenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Si ya zamani kuliko zote. Milima ya Makhonjwa huko Barberton, Afrika Kusini, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2018, ina miamba ya kati ya miaka bilioni 3.2 na 3.6.

Majabali ya Serengeti yana jambo la ziada. Hayo ni vichwa vya milima ya kale ya itale na naisi ambayo mabonde yake yalifukiwa na majivu ya volkeno za nyanda za Ngorongoro. Majivu yale yalitengeneza tabaka gumu chini ya nyasi, mizizi ya miti haipenyi, na ndiyo sababu tambarare ya kusini haina miti isipokuwa kwenye majabali yenyewe. Ukisimama Naabi Hill utaona mpaka huo kwa macho.

Moto: vinavyojengwa kweli

Volkeno ndiyo inayoweka kitu kipya juu ya ardhi. Jifunze kwanza umri wake kwa umbo. Mlima wenye umbo kamili la pia na miteremko isiyochimbika bado una umri mdogo, kama Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania. Huu ni wa pekee duniani leo: lava yake ni ya kaboneti za sodiamu na potasiamu, hutoka ikiwa na joto la takriban nyuzi 500 hadi 600, karibu nusu ya joto la lava ya kawaida, hutiririka nyeusi, na ikipata unyevu wa hewa hubadilika kuwa nyeupe. Wageni wengi wanauona weupe kileleni wakasema ni theluji. Mwambie mwenzako atazame tena.

Mlima wenye umbo lililobomoka ni wa hatua inayofuata. Mlima Meru wa Arusha, mita 4,562, una upande mmoja wa mashariki uliomeguka wote, na vilima vidogo vidogo vinavyozunguka maziwa ya Momela ni kifusi cha upande huo. Ngorongoro ni paa la volkeno lililodidimia ndani. Mlima Kenya uko mbali zaidi katika njia hiyo hiyo: kilele cha Batian, mita 5,199, ni kiini kigumu cha volkeno ambayo mavazi yake ya nje yameondoka. Kwa udogo wake, Fischer's Tower ndani ya Hell's Gate karibu na Naivasha ni somo hilo hilo lenye kimo cha mita 25 tu, unalizunguka kwa miguu. Hapo hapo tembea hadi kwenye kuta zenye nguzo. Tazama nguzo zinaelekea wapi, kwa sababu huota kutoka kwenye uso uliokuwa unapoa. Ukizikuta zimelala, ukuta wa baridi ulikuwa pembeni.

Ninalolipenda kuliko yote ni nyanda ya Yatta, Kenya. Ukipita Tsavo unaona ukuta mrefu, bapa juu, unaokwenda mpaka macho yanachoka. Urefu wake ni takriban kilomita 290. Watu hudhani ni mlima. Ilikuwa lava iliyotiririka ndani ya bonde la mto wa kale na kugandia humo. Kingo za bonde zilikuwa za mwamba dhaifu kuliko lava, zikaliwa, na kitanda cha mto ndicho leo kilicho juu. Bonde limekuwa kilele. Kila ukikutana na kilima chembamba, kirefu, chenye kofia ya lava, jiulize kama umesimama juu ya mto.

Kusini zaidi, kuta za milima ya Drakensberg, Afrika Kusini na Lesotho, ni rundo la mimwago ya basalti ya miaka milioni 180 hivi iliyopita, wakati Gondwana, bara kuu la kale lililounganisha Afrika na mabara mengine ya kusini, linaanza kupasuka. Chini yake kuna ukanda mweupe wa mawe ya mchanga, na mapango yenye michoro ya Wasan, wawindaji wa kale wa eneo hilo, yako kwenye ukanda huo kwa sababu mchanga huchimbika kirahisi kuliko basalti. Mosi-oa-Tunya, yaani maporomoko ya Victoria, nayo inaanguka kwenye basalti ya wakati huo huo: Zambezi ulipata ufa wenye kitu laini, ukauchimba, kisha ukahamia ufa wa nyuma yake. Ile mikato ya pembe pembe chini ya maporomoko ni maporomoko ya zamani.

Chokaa na mchanga, kwa haraka

Chokaa haiondolewi kwa kusagwa tu, huyeyuka. Maji ya mvua yenye kaboni dayoksaidi huipitia kwenye nyufa, na matokeo yake ni mapango kama Amboni, Tanga, au zile sindano za Tsingy de Bemaraha, Madagaska, zilizochongoka hivyo kwa sababu mvua imezila toka juu kwenda chini. Vaa viatu vyenye soli nene. Pwani utakanyaga mawe ya matumbawe, mwamba wa bahari iliyokuwa juu kuliko ya leo. Kuta za Fort Jesus Mombasa na nyumba za Mji Mkongwe Zanzibar ni mawe hayo. Tafuta mchoro wa nyota za matumbawe ndani ya ukuta. Huko Watamu, visiwa vyenye kichwa kipana na shingo nyembamba vinakuonyesha maji yanapofika kila siku.

Mchanga ni somo la kofia. Nguzo za Isimila, karibu na Iringa, zimesimama pale ambapo tabaka gumu la juu linakinga lililo laini chini yake. Kofia ikianguka, nguzo haina muda mrefu. Usiegemee. Na zile zana za mawe za wahenga zilizotapakaa chini ziache zilipo.

Kuutambua ufa

Bonde la Ufa ni pana mno, wengi wako ndani yake hawajui. Alama ni ukuta mrefu ulionyooka upande mmoja na tambarare yenye ziwa chini yake. Manyara ni mfano mwepesi: simama juu ya genge, tazama jinsi linavyokwenda mstari, halafu shuka uone chemchemi zinazotoka chini yake na kulisha msitu wa pale langoni. Ardhi hutengana milimita chache kwa mwaka, lakini haiendi kwa utaratibu. Mwaka 2005 huko Afar, Ethiopia, kipande cha kilomita 60 kilipasuka na mahali pengine kutanuka hadi mita 8 kwa muda mfupi sana.

Ufa pia huinua. Rwenzori, mita 5,109, si volkeno ingawa ina theluji kama Kilimanjaro. Ni bonge la mwamba wa kale lililosukumwa juu. Ukiwa na shaka, rudi kwenye kioo. Naisi kwenye miteremko maana yake mlima uliinuliwa; lava maana yake ulimwagwa.

Angalizo kuhusu miduara. Mauritania kuna Richat, duara la kilomita 40 hivi lililodhaniwa zamani kuwa kovu la kimondo. Si kovu. Ni tumbo la tabaka lililovimba kisha likakatwa kichwa na mmomonyoko, tabaka ngumu zikabaki pete. Vredefort, Afrika Kusini, ndiko kwenye kovu la kweli la miaka bilioni mbili hivi. Tofauti haipo kwenye umbo, ipo kwenye jiwe: pale Vredefort mwamba una michirizi inayotawanyika kwa umbo la pia, alama ya kishindo.

Kabla hujaondoka

Majabali mengi yana wenyewe. Kit Mikayi ni mahali pa sala, na kwingineko kuna matambiko. Nenda kwanza kwa wazee au kwa mlinzi, amkia, sema unachotaka, na uvue viatu ukiambiwa. Hadithi watakayokupa usiibishie kwa jiolojia yako. Iandike ukurasa wa pili wa daftari, mara nyingi imetaja chemchemi au ufa ambao hujauona.

Nenda asubuhi mapema au saa kumi jioni, jua la pembeni linachora kila ufa. Saa sita mwamba wote ni bapa na unaunguza. Kabla ya kutia mkono kwenye mwanya, piga kwa fimbo, kifutu hupenda mahali pale pale unapopapenda. Korongoni usiingie kama kuna wingu zito upande wa juu wa mto, hata kama juu yako ni kweupe: Aprili 2012 mafuriko ya ghafla yaliua watu ndani ya korongo la Hell's Gate. Muulize mwongozaji wa pale njia ya kutokea iko wapi kabla hujaanza kushuka, na umwambie akuonyeshe kwa mkono.